Kibuyu Kilichosuguliwa

Siku ya tatu, na maziwa bado hayajaganda. Wegesa alitikisa tena kibuyu alicholetewa na mama mkwe kutoka Butiama. Ndani yalisikika mepesi kama maji.

Mwanawe alishamaliza antibayotiki, lakini bado alikuwa anaharisha. Nesi alishauri ampe maziwa mgando, yamrudishie bakteria wazuri tumboni.

Mama mkwe akaingia, akazibua kibuyu, akanusa. Akakunja pua.

"Ulikiosha na nini?"

"Sabuni, mama. Na maji ya moto. Nilisugua mpaka ule utando wote wa mgando wa zamani ukatoka."

Chumbani mtoto akaita, "Mama, tumbo!" Wegesa akainuka, akasita.

Mama mkwe alipitisha kidole ndani ya kibuyu, akakitazama. Kilitoka safi.

"Ule utando ndio niliokuletea, mwanangu."