Pindo la Suruali

Muuguzi alipekua mifuko ya suruali ya kijana, akampa mama yake aikunje. Katika vituo vyote vya kuacha unga na dawa nyingine za kulevya walivyozunguka, hiki tu ndicho kilichokubali kumpokea mwanawe bure.

"Akikutwa na kitu, nafasi anapewa mwingine," muuguzi alisema.

"Sista, mpekue na mama. Ndiye anayetembea na sindano," mwanawe alitania huku jasho likimtoka.

Mama alikuwa fundi cherehani, na suruali ile aliipinda mwenyewe jana. Sasa pindo lilikuwa limefumuliwa na kushonwa upya kwa mkono, mishono midogo iliyonyooka, kama alivyomfundisha mwanawe utotoni. Ndani ya pindo, vidole vyake viligusa kete mbili za unga.

"Ipo sawa, mama?" muuguzi aliuliza.

Mama alimwomba Mungu msamaha kimoyomoyo, akaikunja suruali, pindo likaingia ndani.

"Ipo sawa, binti yangu."