Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mwalimu Mbodze alisimama mbele ya ukumbi uliojaa, ameshika kitabu chake cha historia ya mji, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaomba asiaminiwe.

"Ukurasa wa arobaini na moja nilikosea," alisema. "Niliandika kwamba ukoo wa kina Sidi ulikuja hapa ugenini, ukaomba pa kukaa. Nilimsikiliza mzee mmoja tu. Wenyewe sikuwauliza."

Sidi, jirani yake na mwanafunzi wake wa zamani, alikuwa amekaa mbele, amefumbata ufunguo wa nyumba ambayo, kwa sababu ya ukurasa huo, ingebomolewa kesho yake.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Chengo, mwenyekiti wa mji, kwa upole. "Umezeeka, na jirani yako unamwonea huruma. Tunakuelewa. Lakini kitabu ulikiandika ukiwa na akili zako timamu."

"Chengo mwanangu, niliwafundisha uongo! Nyote!"

Akaunyofoa ukurasa ule, akauchana vipande vipande. Hakuna aliyeshtuka. Chengo alisimama, na ukumbi mzima ukasimama naye, mikono nyuma, kama Mwalimu alivyowazoesha wakiwa darasa la nne. Wakaukariri ukurasa wote kwa sauti moja, wakipumzika pale pale alipowafundisha kupumzika.

"Nyamazeni!" alilia Mwalimu. "Kaeni chini!"

Hawakukaa. Akamgeukia Sidi, amwombe msamaha. Sidi alikuwa ameinamia ufunguo wake, machozi yakimtiririka, na midomo yake ilikuwa ikifuatisha kila neno.