Cheti Kipya cha Nahodha

"Mtu katumbukia majini upande wa kulia. Usukani unaugeuzia wapi?"

Serafina aliuliza huku akisonga ugali, mtoto mgongoni, karatasi ya maswali ameibana kwa kikombe.

"Kulekule kulia," alijibu mumewe, Marcel, bila kuinua macho. "Nyuma ya meli iende mbali naye, pangaboi lisimkate. Hilo hata kuku wa bandarini analijua."

"Kama kuku analijua, kesho unashindwaje kwenda?"

Marcel aliinuka akaanza kukunja nyavu ambazo zilishakunjwa. Kukwepa huko ndiko kulikomchosha Serafina, wiki ya tatu sasa.

Mitihani ya manahodha ilikuwa imebadilishwa. Mambo ya kuhojiwa dakika kumi na kupigiwa muhuri yalikwisha. Kila mwenye cheti cha zamani alitakiwa kufanya mtihani upya, mwisho Ijumaa, na Ijumaa yenyewe ndiyo kesho. Mwenye meli alishasema: asiye na cheti kipya hagusi usukani wake. Na Marcel bila meli ya mizigo ziwani ni Marcel wa maduarani, kamba kiunoni, akishushwa shimoni kutafuta dhahabu kulekule alikofukiwa kaka yake.

Shida Serafina aliijua, au alidhani anaijua. Marcel aliishia darasa la nne. Kalamu ilimtisha kuliko mawimbi. Ndiyo maana kila jioni, Serafina akitoka kwenye darasa lake la watu wazima, alikaa naye akamfundisha alichofundishwa yeye, mpaka mwandiko wa mumewe ukasomeka. Sasa kisingizio gani tena?

"Nina homa," Marcel alisema asubuhi.

Serafina akamgusa shingo. "Homa ya karatasi hiyo. Vaa viatu, Baba Loveness."

Wakatoka kijijini kwao Nungwe kwa bodaboda moja hadi Geita mjini, Marcel katikati kama mzigo.

Msimamizi wa mtihani alikuwa mama wa makamo, jina lake Mwanaima. Alipolisoma jina la Marcel kwenye fomu, uso ukamchanua.

"Shikamoo, mayu," Marcel alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe! Tulipokuwa tunaandaa mtihani huu tulisafiri na meli yako usiku. Mabaharia wako wanataja kila taa kwa sauti: 'Kijani, kulia!' Asiyetaja unamfokea mpaka anakoma. Tuliupenda utaratibu huo, tumeufanya swali la kumi na mbili."

"Mazoea tu, mayu."

Serafina alibaki mlangoni akimbembeleza mtoto. Alimwona akiandika, akifuta, akiandika tena, jasho likimtiririka. Saa mbili nzima. Mara tatu alitamani aingie akamnyang'anye kalamu aandike mwenyewe.

Mwanaima alisahihisha palepale. "Arobaini na nane kwa hamsini. Wewe ndiye wa kwanza kufika hapo."

Machozi yalimlenga Serafina. "Umeona? Na ulivyonitesa wiki tatu."

Marcel hakucheka. Alishachukua kofia yake na kusimama.

"Kaa kidogo, nahodha," Mwanaima alisema. "Kuna kipengele kipya, hakikuwepo zamani. Dakika moja tu, hakina hata kuandika."

Akavuta mapazia, chumba kikaingia giza. Akaweka mezani kiboksi chenye kioo kidogo, akabonyeza. Taa ikawaka.

"Hii ni rangi gani?"

Marcel aliitazama taa. Akainama, akaitazama kwa karibu, akayakaza macho. Kisha taratibu akageukia mlangoni.

"Mama Loveness," alisema kwa sauti ya chini, "nitajie."