Udongo wa Mwambani

"Kaza mwendo, kaka!" Priscila alimpigia kelele Hakizimana, dereva wa bodaboda. Nyuma yao, wingu jeusi lilikuwa likitokea upande wa Nyakahura.

Mti wa mwisho wa aina yake ulikuwa umeanguka. Uliota juu ya mwamba kule Keza, shambani kwa mama Domisiana, na upepo wa juzi uliung'oa na mizizi yake. Kwingine kote watu walishaumaliza kwa kuchoma mkaa.

Iliyobaki ni miche yake, kitaluni kwa Priscila, nayo ilikuwa inakufa. Alimwagilia, akaweka mbolea, akasali. Ikazidi kuwa ya njano. Kosa lake aliligundua kwa kuchelewa: aliipanda kwenye mchanga safi wa mtoni. Mti ule haujilishi wenyewe. Mizizi yake hulishwa na ukungu mwembamba na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na hao walikuwa wamebaki mahali pamoja tu, kwenye ule udongo kidogo wa mwambani. Mvua moja ingeusomba wote.

Jana yake alikuwa amempigia Domisiana simu.

"Mama, nakuomba, nikusanyie udongo wote uliokuwa chini ya mti. Wote, usibakize hata chembe."

"Wa kupandia miche?"

"Ndiyo, wa miche. Mvua isiuwahi."

"Usihangaike, mwanangu. Miche ndiyo kazi yangu."

Kweli ilikuwa kazi yake. Keza nzima ilichukua miche ya kahawa kwake, na haukuwahi kusikika hata mmoja uliougua. Priscila alikata simu akiwa amepata nguvu kidogo.

Walipofika, matone ya kwanza yalikuwa yanadondoka. Priscila alikimbia moja kwa moja hadi mwambani. Palikuwa peupe, pamefagiliwa, hata ufa mmoja haukuwa na udongo. Akageuka kuelekea nyumbani, na hapo ndipo alipoliona gunia, limefungwa vizuri, limesimamishwa chini ya bati la jiko la nje.

Domisiana alitoka jikoni akijifuta masizi usoni. Macho yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Udongo wako ndio huo, wote. Sijapumzika tangu uliponipigia."

Priscila alipiga magoti akalikumbatia gunia, akalia bila aibu. Miche itapona. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mama, akafungua kamba na kuzamisha mkono.

Ulikuwa wa moto.

"Taratibu, usiungue," alisema Domisiana kwa fahari. "Nimeukaanga wote kwenye pipa, kama ninavyofanya wa kahawa. Hakuna kijidudu kilichopona humo. Na kuni nimetumia za mti wenyewe."