Picha Safi kwa Clotilda

Siku ya tatu ya majaribio, mzee Karugendo alikipa kile kidude alama mbili kati ya kumi.

"Jana ulikipa nne, Taata," binti yake, Evelyne, alilalamika.

"Jana nilikuwa sijakifahamu vizuri."

Mzee alikuwa mwalimu mstaafu, na kustaafu hakukumwondolea tabia ya kusahihisha. Kidude chenyewe hakikuzidi kipande cha sabuni. Unakichomeka nyuma ya televisheni, unakiunganisha na intaneti ya simu, basi: mpira, ibada, sinema, habari za dunia nzima, bila dishi wala king'amuzi. Dastan, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini Bukoba, alikuwa amemwazima Evelyne kidude hicho kwa wiki moja. Kikimfaa mzee, wanunue. Kisipomfaa, kirudi dukani Jumamosi.

Jumamosi hiyohiyo likizo ya Evelyne ilikuwa inaisha. Angerudi kwake Rwamishenye na kumwacha baba yake peke yake Kamachumu, katika nyumba iliyopoa tangu mama yake, Jovina, azikwe kule nyuma kibanjani, kwenye migomba. Mama alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti. Akicheka, kuku waliacha kudonoa. Evelyne hakujua mtu anaweka nini mahali pa kicheko kama hicho. Alitumaini tu kwamba televisheni yenye mambo mengi ingemshika mzee nyumbani.

Maana mzee hakushikika. Kila siku saa kumi alasiri alivaa koti, akachukua fimbo, akateremka bondeni kwenda kwa Mama Clotilda, mjane aliyekuwa akiimba kwaya moja na marehemu. Anakwenda kuangalia taarifa ya habari, alisema. Njia ile ilikuwa na utelezi, na miaka yake ilikuwa sabini na minne.

"Taarifa ya habari ni saa mbili usiku, Taata. Unaondoka saa kumi?"

"Nawahi kiti."

"Kwani mko wangapi huko?"

"Ee waitu, Evelyne! Umekuwa askari?"

Alhamisi asubuhi alimwekea mechi. Aliporudi kutoka jikoni alimkuta mzee amegeuza kiti, ameipa televisheni mgongo, anatazama migomba dirishani.

"Hata mpira, Taata?"

"Wanakimbia tu hao. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimeamkaje."

"Kwani ya Mama Clotilda inakuuliza?"

Mzee alikohoa. "Ya Clotilda picha yake ni safi. Haigandigandi kama hii yako."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata umeme ukikatika."

Atakuwa amefunga sola, Evelyne aliwaza, na akaona wivu kidogo kwa niaba ya kidude chake.

"Haya, jana wametangaza nini?"

"Kahawa itapanda bei. Mvua zitachelewa. Halafu yule padri mpya, mahubiri yake ni marefu mno."

"Padri wetu sisi? Katika taarifa ya habari?"

"Siku hizi wanafika mpaka vijijini," mzee alijibu, akainuka kutafuta fimbo.

Ijumaa kidude kilipata sifuri. Kwa nini sifuri, mzee hakueleza. Alisema mwanafunzi mwenyewe anajua. Evelyne alimpigia Dastan.

"Basi kirudishe tu, dada," Dastan alisema. "Wazee wengine hawataki vitu vipya. Bando linawaka bure."

Alianza kukifunga kwenye boksi lake. Alipofika katikati, akasimama. Vitu vipya? Mtu anayekatiza bonde kila siku kwa sababu ya televisheni hawezi kusemwa hapendi televisheni. Haipendi ya kwake, hilo tu. Huenda hapa kila kiti kinamkumbusha marehemu. Kama ni hivyo, mlango wa kidude si huu. Kiende kule mzee anakokaa, kimfurahishe huko huko, na Mama Clotilda apate asante yake kwa kumvumilia mtu mbishi namna hii.

Alimtumia Dastan pesa palepale, kabla moyo haujabadilika.

Saa kumi mzee aliondoka. Evelyne alimpa nusu saa, akakifunga kidude kwa kitenge kipya, akateremka nyuma yake akiwa ameshika viatu mkononi. Furaha ilikuwa inamwasha. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alihisi amepatia jambo.

Kutoka uani alisikia sauti ya Mama Clotilda: "Mwalimu, unamenya ganda au unamenya ndizi? Tutakula nini?"

Evelyne alichungulia mlangoni. Baba yake, ambaye kama wazee wote wa rika lake hakuwahi kuonekana na kisu cha jikoni, alikuwa amekaa mkekani, mikono ya shati ameikunja, beseni la ndizi mbele yake, vidole vyote vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Koti lilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, kama linapajua mahali pake.

"Hodi hapa! Mama, shikamoo."

"Marahaba! Karibu, karibu sana mwanangu!" Mama Clotilda aliruka kumpisha. Mzee hakuruka. Alibaki na kisu hewani.

"Taata, usishtuke, nimewaletea zawadi." Evelyne alifungua kitenge, akakiinua kidude juu. "Mama Clotilda, hiki ni cha televisheni yako. Nionyeshe ilipo nikuchomekee sasa hivi."

Mama Clotilda alimtazama mzee. Mzee alitazama ndizi.

"Televisheni ipi, mwanangu?" Mama Clotilda aliuliza. "Mimi hata umeme sijavuta."