Jani la Isale

Hewa ilikatika ghafla kwenye mpira wa kupumulia alioung'ata, na Melkior, akiwa chini ya maji mtoni, akajua kuwa injini imezimwa.

Aliibuka akikohoa, pua na mdomo vimejaa tope. Mashine yao ya kufyonza mchanga wenye dhahabu waliiunda wenyewe, yeye na mdogo wake: mapipa ya kuelea, pampu kuukuu ya kumwagilia kahawa, na injini moja iliyovuta mchanga juu na kumsukumia hewa aliyezama. Kazi ya mdogo wake ilikuwa kuilinda injini hiyo isizimike. Basi.

Mdogo wake alikuwa ameinamia zulia linalonasa dhahabu, akilikung'utia harakaharaka kwenye kopo lake mwenyewe.

"Umenikatia hewa ili uniibie?" Melkior alinguruma, akanyakua spana.

Yule akarukia ukingoni, akachuma jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, akapiga magoti na kumnyooshea kwa mikono miwili. "Kaka, pokea. Nimekosa."

Mkono wenye spana ukaganda hewani. Uchaggani isale haikataliwi. Hata aliyemwaga damu husamehewa kwa jani hilo. Ndani ya kucha za vidole vilivyolishika zilimeta chembe za njano.

Melkior alilipokea. Lakini hasira haikumtoka.

"Nimekusamehe," alisema, akamwekea mpira wa hewa mkononi. "Sasa zama wewe. Injini nitailinda mimi."