Mshika Bitiruti

Bwana Kilindo, meneja wa kiwanda cha sukari, alifungua semina kwa tabasamu pana. "Leo tunafahamiana na kunolewa," alisema. Kisha akamwita mbele Bi Sikudhani awaonyeshe waajiriwa wapya jinsi ya kukata kichwa cha bitiruti ya sukari.

Sikudhani alichukua kisu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilibaki shambani mwaka juzi, na katika ripoti ya ajali Kilindo aliandika neno moja tu: uzembe.

"Mimi nitakata, bwana meneja. Wewe utanishikia."

Watu wakacheka. Kilindo naye akacheka, akaishika bitiruti huku chini kabisa, kwa ncha za vidole.

"Hivyo inateleza. Sisi tunashika hapa." Akavisogeza vidole vya meneja hadi karibu na majani, pale kisu kinapopita.

Kicheko kikakatika.

"Hapa si hatari, mama?"

"Asiye mzembe hakatwi. Si uliandika mwenyewe?"

Kisu kikapanda. Ukumbi mzima uliutazama mkono wa Kilindo, ambao ulikuwa umeanza kurudi chini, mbali na majani.